Siki, Staha na Uhai wa Mama
Natuitazame saratani ya mlango wa kizazi, ambayo, ijapokuwa huongoza saratani zote kwa kuua wanawake wa Tanzania, hukomaa kwa miaka mingi, na mabadiliko yake ya awali, yakibainika mapema kwa kipimo chepesi cha siki, hutibika.

Kwa upande mmoja, mama wa kata ya Mwandoya asiyeumwa, anayeona haya kukaguliwa na tabibu mwanamume, hastahili lawama. Staha ni haki yake. Lakini, kwa upande wa pili, maradhi haya huanza kimya, na mwenye kungoja maumivu huenda akaishia safarini kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kutafuta tiba ya mionzi. Chanjo ya mabinti dhidi ya saratani hii, iliyoenea nchini tangu 2018, haimwondolei mama haja ya kupimwa.

Je, nyumbani nani atakayeanza kulizungumza jambo hili: mama, mume, au binti aliyekwisha kuchanjwa?