Kabla Giaboksi Haijashushwa

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na madereva, wenye magari na mafundi wa Witeithie

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si fundi. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu katika kaunti ni kuandika na kujibu maswali ya wananchi. Lakini nina gari la gia za mkono, na klachi yake ilinifunza somo nililolilipia mara mbili.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja nikitoka nyumbani, rivasi ilikataa kuingia. Ilisaga kwa kelele hadi jirani akachungulia dirishani. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Hakufungua hata boneti. Aliketi kwenye usukani, akakanyaga klachi mara moja, akasema, "Pleti imeisha, tushushe giaboksi." Nikakubali kwa sababu sikujua la kuuliza. Gari likalala siku mbili juu ya mawe. Nikanunua klachi pleti, presha pleti na beringi, nikalipa na ufundi. Wiki ya pili rivasi ikaanza kusaga tena.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa huko Thika, aliinua zulia chini ya pedali, akapitisha kidole na kunionyesha. Kidole kilikuwa kimelowa. Oili ilikuwa inavuja kutoka masta ya juu, ile silinda ndogo inayosukumwa na pedali. Raba zake zilikuwa zimechoka. Akazibadilisha, akatoa hewa kwenye paipu, na mchana huohuo nikarudi kazini. Pleti ya zamani nilikuwa nimeiweka kwenye buti. Aliitazama akacheka, maana ilikuwa bado na maisha mengi.

Ndiyo sababu nimekuja kuzungumza nanyi. Klachi ina kazi mbili tu, kushika na kuachia. Pleti imebanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Mguu ukiwa mbali na pedali, pleti imeshikwa, na nguvu ya injini inapita hadi kwenye giaboksi. Ukikanyaga, beringi inasukuma springi za presha pleti, pleti inaachiwa, na gia inaingia bila vita. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jiulize: klachi yangu haishiki, au haiachii? Watu wengi huyachanganya haya mawili, na hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Tuanze na klachi isiyoshika. Madereva wa malori ya mawe ya Ndarugo wanaijua. Unapanda mlima ukiwa na mzigo, unaongeza mafuta, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Baadaye unasikia harufu ya kuungua. Ukitaka kuhakikisha, tafuta mahali tambarare pasipo na watu mbele wala nyuma, weka mawe kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono hadi mwisho. Washa injini, kanyaga klachi, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi inateleza. Kanyaga haraka, na usirudie jaribio hilo kuwafurahisha rafiki zako, kwa sababu kila mara unaichoma.

Klachi inayoteleza mara nyingi kweli imeisha, na hapo giaboksi itashuka tu. Lakini kama gari lako linatumia waya, mwambie fundi autazame waya kwanza. Ukiwa umekazwa kupita kiasi, pedali haina ule uhuru mdogo wa juu kabla ya kuanza kuwa nzito, na pleti haibanwi sawasawa. Kuurekebisha ni kazi ndogo. Na ikiwa pleti imetoka imelowa oili, uliza oili hiyo imetoka wapi. Inaweza kuwa sili ya nyuma ya injini, au ile ya mbele ya giaboksi. Ukifunga pleti mpya bila kubadilisha sili, hiyo mpya nayo italowa.

Tafadhali msiichukulie klachi inayoteleza kuwa ni jambo la mfuko peke yake. Fikiria unatoka barabara ya pembeni hapa Witeithie kuingia Thika Road. Matatu zinaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa, na wapo wanaozidisha, mnawajua. Unaona nafasi, unaingia, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele na gari halivutiki. Nyuma yako kuna lori la mawe. Dereva wake hana habari kwamba pleti yako imeisha.

Ugonjwa wa pili, ule wa gari langu, ni klachi isiyoachia. Dalili yake ni gia kusaga, hasa rivasi na ya kwanza, au gari kutaka kusonga hata ukiwa umekanyaga hadi chini. Jaribio lake ni rahisi. Gari likiwa limesimama na injini imewashwa, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu moja mpaka tano, kisha tia rivasi. Ikisaga, toa, pampu pedali mara nne au tano haraka, ujaribu tena. Ikiingia vizuri baada ya kupampu, usiruhusu mtu yeyote aguse giaboksi siku hiyo. Karibu kila mara hiyo ni hewa kwenye paipu, au oili inayovuja, au raba za masta. Inua zulia. Kisha chungulia masta ya chini, ile iliyo kando ya giaboksi, uone kama imelowa. Fungua kikopo cha oili uone kiwango.

Hapo kwenye kikopo nikae kidogo, maana nimeona mambo. Klachi ya namna hii hutumia oili ya breki. Si oili ya injini, wala maji. Oili ya injini huvimbisha raba na kuziharibu. Na katika baadhi ya magari, klachi na breki hunywa kutoka kikopo kimoja! Ukikimimina kitu kingine humo kuiponya klachi, umeharibu breki pia. Kikopo kikipungua kila wiki, tafuta panapovuja badala ya kuongeza tu.

Kelele nazo husema. Injini ikiwa imewashwa, gia ikiwa nyutro, kanyaga na kuachia huku ukisikiliza. Sauti ikija unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ikiwepo mguu ukiwa juu na kunyamaza unapokanyaga, shuku beringi iliyo ndani ya giaboksi, na hiyo ni hesabu nyingine.

Kwa madereva wetu wa steji: mguu usipumzike juu ya pedali, na gari lisizuiliwe mlimani kwa klachi. Breki ya mkono iliwekwa kwa kazi hiyo.

Kwa mafundi, na hasa vijana wanaojifunza: msipulize vumbi la klachi kwa hewa ya kompresa. Baadhi ya pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Futeni kwa kitambaa kilicholowa maji.

Kuna aliyeniuliza asubuhi kama kaunti inaweza kumsaidia mtu aliyetozwa bure. Leseni za biashara ni kazi ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Lakini leseni ukutani haiwezi kukuambia kama fundi ameinua zulia. Kwa hiyo simama pale. Mwombe akuonyeshe jaribio kabla ya kufungua nati yoyote. Dai risiti, na dai spea za zamani mkononi mwako. Fundi mwema hatakasirika, na wengi walioko hapa ni wema, nimewaona wakitikisa vichwa.

Nje kuna Hiace ambayo mwenyewe amekubali tuijaribu. Anasema rivasi inamsumbua tangu Jumatatu. Twendeni tukainue zulia.