Mjane Aliyejua Mlango wa Kugonga

Dominika ya 29 ya Mwaka C (Lk 18:1-8)



Injili ya leo tumeizoea. Tukiisikia inasomwa tunajua mapema mhubiri ataelekea wapi: tusali bila kukata tamaa, kama mjane yule aliyemsumbua hakimu asiyemcha Mungu hata akampa haki yake. Ndivyo Mwinjili Luka mwenyewe anavyotufafanulia mfano huu, nasi hatuna nia ya kumsahihisha. Hata hivyo, leo tunaomba tumtazame mjane huyo kwa jicho la mtu aishiye katika milima yetu hii, kutoka Kyela na Tukuyu hadi Mufindi na Kilolo. Mama yule alikuwa na mambo mawili ambayo wajane wetu wengi hawana. Alijua ni mlango upi wa kugonga. Tena alijua la kuomba: hakwenda kuomba sadaka, alikwenda kudai haki dhidi ya aliyemdhulumu. Luka hatuambii ni nani aliyemwonyesha nyumba ya hakimu. Sisi twaamini kwamba alikuwapo mtu wa namna hiyo, na leo tungependa kuzungumza juu ya watu wa namna hiyo.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha Mufindi, mama mmoja alifiwa na mumewe. Marehemu aliacha nyumba, watoto wanne, na mashamba matatu ya miti ya mbao. Wanaoishi Mufindi wanajua maana yake. Shamba la misindano lililokaribia kuvunwa ndiyo benki ya familia, ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa kikao. Shemeji yake akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa, na mama akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Mwezi wa pili akaambiwa apishe nyumba.

Mama huyo alikuja kwetu parokiani. Nasi tulimwambia nini? Tulimwambia avumilie. Tulimwambia asali, asiupeleke ukoo mahakamani, mambo ya nyumbani yazungumzwe nyumbani. Tulimpa debe la mahindi na rozari. Tulidhani tumefanya kazi ya Kristo, kumbe tumeifanya kazi ya shemeji. Hivyo ikapita miezi minane.

Aliyetutoa usingizini alikuwa mwanamke wa jumuiya ndogondogo ya jirani, mkulima kama wengine, ambaye alikuwa amepata mafunzo ya msaidizi wa kisheria. Siku moja baada ya sala ya jumuiya alimwuliza mama swali moja tu: “Dada, huyo msimamizi amekwisha kurudisha fomu mahakamani?” Hapana mtu aliyejua jibu. Sisi tuliosoma seminari hatukujua hata kama kuna fomu.

Ipo, wapendwa. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Maneno haya matano laiti yangebandikwa kwenye mlango wa kila kanisa. Msimamizi ni mtumishi aliyekabidhiwa mali ya wengine. Anapaswa kuiorodhesha mbele ya Mahakama ya Mwanzo ndani ya miezi minne, kisha aonyeshe jinsi alivyoigawa. Asipofanya hivyo anaweza kuitwa ajieleze, na hata kuondolewa. Lakini hakimu hatoki mahakamani kuwatafuta wajane mashambani. Sharti mtu aende kumwambia.

Hebu tuitaje milango hiyo, japo kwa haraka, kwa sababu makatekista wengi wanatusikiliza, na kwao ndiko watu hukimbilia kwanza. Ugomvi wa mpaka wa shamba huanzia katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Lipo Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 halihukumu tena mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa katika siku 30 mwenye madai huelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mali ya marehemu ambayo haijagawanywa ni mirathi, na mirathi kwa kawaida ya vijijini kwetu ni shauri la Mahakama ya Mwanzo. Mjane asiyejua hayo huzungushwa. Leo kwa mwenyekiti wa kijiji, kesho kwenye kata, mtondogoo anapanda basi kwenda wilayani, nauli imemla kuku wake wote, na huko anaambiwa amekosea mlango. Wengi hukomea hapo. Hawakushindwa kesi, hawakuifikia kesi.

Watu wema waliliona jambo hili zamani. Tangu miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuwasikiliza maskini bila malipo. Mwaka 1969 ikatungwa sheria ya msaada kwa washitakiwa wa makosa ya jinai wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Lakini hiyo haikumgusa mjane wetu, maana yeye hakushitakiwa kwa lolote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasheria wanawake walianzisha vyama na vituo vyao vya msaada, wakaanza kuwafundisha wasaidizi wa kisheria mikoani. Hatimaye, mwaka 2017, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo ikamtambua rasmi msaidizi huyo wa kijijini. Si wakili, wala hasimami mahakamani kukutetea. Anaelimisha, anapatanisha panapopatanika, anakuonyesha mlango na kukusindikiza. Na msaada huo hautozwi fedha. Mtu akikudai “ya soda” kwa huduma hiyo, huyo si miongoni mwao.

Katika Nyanda za Juu Kusini kazi yao ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukimwi ulipita katika mikoa yetu kwa ukali mkubwa, ukaacha wajane na yatima katika kila kitongoji. Thamani ya ardhi nayo imepanda: miti na chai huku Mufindi, viazi na ndizi Rungwe, mpunga Mbarali na Kyela. Shamba ambalo babu aliligawa bure, leo linawafanya ndugu waliozaliwa tumbo moja wasipeane mkono. Ni kweli kwamba katika miaka ya kuelekea 2020 vijiji vingi vya wilaya za Iringa na Mbeya vilipimiwa mashamba, hati za hakimiliki ya kimila zikatolewa kwa makumi ya maelfu, na wanawake wengi wakaandikwa humo kwa majina yao. Twamshukuru Mungu. Lakini hati iliyofungiwa sandukuni na mwenyewe hajui imesema nini, shemeji mjanja ataisoma kwa niaba yake.

Wala tusidanganyane kwamba sheria yenyewe haina mashimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini matamko ya sheria za kimila ya mwaka 1963 yamemweka mjane nyuma kabisa katika urithi wa mumewe. Wajane wawili wa Shinyanga walioyapinga walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba haki zao zilikiukwa. Kwa hiyo anayemsaidia mjane hana budi kujua ni kamba ipi ya kushika: mara nyingi si ile ya urithi, bali ile ya jasho lake mwenyewe katika mali waliyoichuma pamoja.

Tukirudi katika Maandiko, twawakuta mabinti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na ilionekana wazi kwamba jina lake na fungu lake la ardhi vitapotea. Hawakulia pembeni ya kambi. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema la kukutania, mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakaeleza shauri lao. Musa alikuwa na unyenyekevu wa kutojibu kabla ya kumwuliza Mungu, na Mungu akasema mabinti wamesema kweli. Sheria ikabadilika kwa Israeli nzima. Sisi tungewaambia warudi nyumbani wakavumilie.

Kabla ya hapo, katika kitabu cha Kutoka, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri peke yake, na watu wamesimama foleni toka asubuhi hata jioni. Akamshauri achague watu waaminifu, wenye kuchukia rushwa, walio karibu na watu. Hatujui kama waliotunga sheria yetu ya 2017 walimfikiria Yethro. Ushauri wake umefanana sana na walichokifanya.

Lakini aliye karibu na watu yuko karibu pia na hasira zao. Wakili akimaliza kesi hupanda gari akarudi mjini. Msaidizi wa kisheria hubaki palepale, anateka maji kisima kimoja na ukoo alioukasirisha. Huitwa mvunja nyumba za watu. Hana mshahara. Tangu mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoa na kuwaleta wanasheria karibu na wananchi. Ni jambo jema, na tuwahimize watu wajitokeze. Lakini hema la kampeni hukunjwa baada ya siku chache, na shauri la mirathi huchukua miezi. Aliyebaki kijijini ndiye tunayepaswa kumjua kwa jina, kumpa nafasi ya dakika kumi baada ya Misa, na kumlipia nauli kutoka katika mfuko wa parokia pale anapomsindikiza maskini. Kanisa humkumbuka Mtakatifu Ivo, padre na mwanasheria wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1303, aliyewatetea maskini bila ujira. Iringa tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na ndugu zetu Walutheri wana Chuo Kikuu cha Iringa. Vyote viwili hufundisha sheria. Vijana hao wanasali katika makanisa yetu. Je, tumewahi kuwaomba lolote zaidi ya kuimba kwaya?

Nanyi makatekista, lipo jambo moja ambalo ni lenu hasa. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa mnavyovitunza si vya kiroho tu. Siku mjane atakapoambiwa hakuwa mke, na watoto wake si wa marehemu, mstari ule mliouandika kwa wino ndio utakaomsemea. Basi andikeni majina kwa ukamilifu, tarehe zisomeke, panya wasifike. Na mama akija kuomba nakala, asiambiwe kwanza amalizie zaka.

Yule mama wa Mufindi alikwenda mahakamani kwa miguu pamoja na jirani yake, kilomita kumi na nne kwenda tu, asubuhi ya ukungu. Sisi tulikwenda pia, safari hiyo, tukiwa na kitabu cha ndoa mkononi. Karani alifungua jalada, akatuonyesha: hapakuwa na orodha ya mali, hapakuwa na hesabu, na muda ulikuwa umekwisha pita. Shemeji aliitwa. Mbele ya hakimu alikiri kwamba mama hakusomewa ule muhtasari. Usimamizi ukaondolewa mikononi mwake.

Mama alirudi katika nyumba yake, na shamba moja likabaki kwa ajili ya watoto. Mawili mengine yalikuwa yamekwisha kuvunwa na mbao kuuzwa ndani ya ile miezi minane. Tulipokwenda kuibariki nyumba, alitupitisha kwanza huko, tukatembea kati ya visiki, naye hakusema neno.