Mwanachama Anapokwenda kwa Mshauri: Atarajie Nini?

Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika vyama vyetu tumezoea kukagua vitabu vya hesabu, kupima mazao na kusimamia mikopo. Jambo nililoombwa kulieleza leo haliandikwi katika daftari lolote la chama, lakini nyote mnalijua. Mwanachama amevuna kidogo, deni la pembejeo limebaki, usingizi umempotea, na mawazo yanamzunguka usiku kucha. Anafika ofisini kuzungumzia mkopo, kumbe mkopo ni sehemu ndogo tu ya mzigo alioubeba. Katibu naye analaumiwa kila malipo yanapochelewa, wala hana wa kumweleza yaliyo moyoni mwake.

Siku hizi watu wa namna hiyo huelekezwa kwa mshauri nasaha. Wengi hawaendi, kwa kuwa hawajui watakutana na nini huko. Wengine huenda mara moja tu, wakarudi wamevunjika moyo kwa sababu walitarajia kitu kingine. Yafaa basi tuelewane tangu mwanzo.

Kwanza, kwenda kwa mshauri si dalili ya wazimu. Wala mshauri hafuti deni, hatoi hukumu kati ya mume na mke, na hasomi yaliyofichwa moyoni. Kazi yake ni kusikiliza, kuuliza, na kumsaidia mtu ayapange matatizo yake mpaka aone lipi la kushughulikia mwanzo. Siku ya kwanza atakueleza namna anavyofanya kazi, kisha atakuuliza habari za usingizi, chakula, kazi na nyumbani. Huenda akakuuliza kama umewahi kufikiri kujidhuru. Msilichukie swali hilo. Kumwuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema lile alilokuwa akilificha. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Pili, jambo hili lataka muda, na lataka kazi ya mwenyewe mwenye shida. Mfano mzuri tunaupata Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na akina bibi 14. Wataalamu walikuwa wachache mno, kwa hiyo akina bibi hao walifundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Ndiyo maana mpango huo ukaitwa Benchi la Urafiki. Hawakutumia maneno ya kigeni ya kitabibu, bali walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi.

Hapo mtu hutaja matatizo yake yote, kisha huchagua moja. Yeye mwenyewe hutafuta njia za kulitatua, huahidi hatua moja anayoiweza, na mkutano unaofuata hueleza ilivyokwenda. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliofanywa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, mikutano ilikuwa 6. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa kama 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50. Tena waliomaliza walikaribishwa katika vikundi, ambamo hutiana moyo huku wakifuma mikoba ya kuuza. Mwanaushirika yeyote ataona kwamba jambo hilo si geni kwetu.

Tatu, yako mafunzo ya stadi za akili, ambayo yalipata nguvu katika michezo. Haya hayakusudiwi kutibu maradhi. Ni ya mtu mwenye afya atakaye kufanya kazi yake vizuri wakati wa shida. Chukueni mfano wa katibu atakayesoma hesabu mbele ya mkutano mkuu wenye hasira. Mkufunzi atamzoeza kuvuta pumzi polepole, kuyapitia maswali magumu akilini kabla ya siku yenyewe, kujisemea maneno ya kumtuliza badala ya kujitisha, na kushughulika na yale yaliyo katika uwezo wake. Stadi hizi hupatikana kwa kurudiarudia, kama vile mtu ajifunzavyo kupiga taipu. Lakini ikiwa huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, kumedumu wiki mbili au zaidi hata kazi ikaharibika, asiende kwa mkufunzi. Aende kituo cha afya.

Nne, siri. Usemayo kwa mshauri hubaki kwake, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Mpaka huo wapasa kuelezwa siku ya kwanza, na asipoueleza, mna haki ya kumwuliza. Kama mshauri anatangaza habari zako, anakudai fedha mlizokuwa hamkupatana, au anakulazimisha kufanya usilolitaka, mwache utafute mwingine. Kubadili mshauri si utovu wa adabu.

Ndugu makatibu, ninyi si washauri, wala hamkuajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kuambiwa. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mwanachama akija na huzuni, msikilizeni faraghani, si mbele ya foleni ya malipo, na habari yake isifike katika kikao cha halmashauri. Ulizeni mapema katika zahanati iliyo karibu ni nani hushughulikia mambo haya na siku gani hupatikana, ili msianze kutafuta wakati shida imekwisha kuwa kubwa. Tena, dawa za kuulia wadudu katika ghala la chama zifungwe daima, ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayewajibika. Mkimwona mtu amekata tamaa ya kuishi, asiondoke na dawa hizo wala asiachwe peke yake. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ushirika wetu ulijengwa juu ya kukubali kwamba mzigo wa mmoja huwa mwepesi ukibebwa na wengi. Tumeutumia ukweli huo kwa pamba, kwa kahawa na kwa korosho. Hatuna sababu ya kuunyima nafsi ya mkulima mwenyewe.