Tarehe ya Ndege na Mapenzi ya Mungu

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Ndugu msikilizaji, uliye Nakivale, Kyangwali, Kyaka au Rwamwanja, tunazungumza nawe kutoka Ntinda, hapa Kampala. Sogea karibu na redio, mwite na jirani.

Leo tunagusa kidonda. Tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kupita intavyu na kupimwa afya, hata wenye tarehe ya ndege, waliambiwa safari imefutwa. Wengine walikuwa wameshauza mbuzi, sufuria na magodoro, wameshaaga majirani. Na wengi wakabaki na neno moja: "Ni mapenzi ya Mungu."

Neno hilo tuliheshimu, lakini tulichunguze. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Hawakusema basi tusijitahidi. Hapa Ntinda dereva wa bodaboda husema, "Mungu akipenda nitafika," na bado huangalia breki na mafuta kabla ya kuondoka. Breki ni kazi yake. Yatakayomkuta barabarani hana mamlaka nayo.

Nawe gawanya hivyo hivyo. Sahihi ile haikuwa mkononi mwako. Kwa hiyo usijilaumu kwamba ulijibu vibaya kwenye intavyu, wala usimshuku jirani kwamba amekuroga. Usiseme pia kwamba Mungu amekukataa: amri ile ni ya watu, na mambo ya watu hubadilika. Machi 2020, wakati wa korona, safari za wakimbizi zilisimamishwa dunia nzima. Juni zikaanza tena. Hiyo si ahadi kwamba na sasa itakuwa vile. Hata katika miaka mizuri, wanaopata nafasi hiyo duniani hawafiki 1 katika kila wakimbizi 100.

Sasa tutazame yaliyo mkononi mwako.

Kwanza, kesi yako. Amezaliwa mtoto? Kuna aliyeoa au aliyefariki? Umebadilisha namba ya simu? Nenda ukaandikishe OPM na HCR.

Pili, fedha zako. Akija mtu akasema, "Nina njia, toa kidogo nirudishe jina lako," mkimbie. Huduma za HCR hazilipiwi hata shilingi moja.

Tatu, shamba lako. Mvua haingoji barua kutoka Marekani. Panda maharage. Mtoto uliyemtoa shuleni ukidhani atasomea kule, mrudishe. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi na biashara, itumie.

Wapo wanaosema, "Nikipanda, ni kama nimekata tamaa ya safari." Sivyo, mama yangu, baba yangu. Ukiitwa kabla ya mavuno, maharage atavuna jirani naye atakuombea heri. Usipoitwa, watoto watakula.

Basi endelea kuomba. La ndege mwachie Mungu. La jembe usimwachie, maana amekwisha kukupa mikono.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)