Hezbollah ndani ya tamthilia ya Homeland
Mnamo mwaka 2012, wasikilizaji, tamthilia ya Kimarekani ya Homeland ilionyesha mtaa wa Hamra mjini Beirut ukiwa umejaa wanamgambo wenye bunduki. Hapo Abu Nazir, kamanda wa kubuniwa wa al-Qaeda, alikwenda kukutana na kiongozi wa Hezbollah. Waziri wa utalii wa Lebanon wakati huo, Fadi Abboud, alighadhibika, akasema anafikiria kuwashitaki watengenezaji. Hamra halisi ni mtaa wa mikahawa, maduka na wanafunzi wa chuo kikuu. Isitoshe, picha zenyewe zilipigwa Israel.

Lakini kosa la mtaa lilikuwa dogo. Hezbollah ni kundi la Kishia, lililozuka baada ya Israel kuivamia Lebanon mwaka 1982 na kuungwa mkono na Iran. Al-Qaeda ni ya Kisunni. Mwaka 2013 wapiganaji wa Hezbollah walikuwa Syria wakimwagana damu na Nusra, tawi la al-Qaeda. Marekani iliiorodhesha Hezbollah kuwa kundi la kigaidi mwaka 1997. Ina yake ya kujibu, haihitaji kubebeshwa ya mahasimu wake. Mtunzi ana haki ya kubuni, ila mtazamaji asiyeijua Beirut huamini kwamba wote ni jeshi moja, na kila mpita njia wa Hamra ni askari wake.

Mwaka 2015, mjini Berlin, wasanii watatu waliajiriwa na tamthilia hiyo kuchora maandishi ya Kiarabu kwenye kuta za kambi bandia ya wakimbizi wa Syria. Waliandika kwamba Homeland ni ya kibaguzi. Maneno hayo yakarushwa hewani jinsi yalivyo.