Mbegu ya Nyanya Huchaguliwa Bustanini, Siyo Kapuni

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo



Leo tunazungumza juu ya nyanya za bustani ya nyumbani, hasa wakati wa joto. Kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Machi, tukipita madarasani tunaulizwa swali lile lile: "Mwalimu, nyanya zangu zinachanua vizuri, halafu maua yanapukutika. Nipige dawa gani?"

Kwanza tazameni chini ya majani. Kama hakuna wadudu, na mche wenyewe ni mzima, basi msipige dawa yoyote. Lile ni joto. Dawa ya wadudu haipozi hewa. Hela zitakwenda bure na nyuki watakufa.

Ua la nyanya lina unga wake ndani, unaoitwa chavua, na hujichavusha lenyewe. Mchana joto likizidi nyuzi 32, na usiku lisiposhuka chini ya nyuzi 21 hivi, chavua hudhoofika. Ua lisilopata chavua nzuri halishiki tunda, hudondoka. Angalieni sana hilo la usiku. Mgeta na Lushoto jua huwaka pia, lakini usiku kuna baridi, na nyanya hupumzika. Sisi wa Kilosa na wa pwani ya Tanga tunalala milango wazi kwa joto. Nyanya nazo zinateseka vile vile.

Lakini jamani, hamjaona jambo moja? Pale jalalani nyuma ya jiko huota nyanya ndogo ndogo za kienyeji. Hakuna aliyezipanda wala kuzimwagilia, na Februari zina matunda! Nyanya ndogo kwa kawaida hustahimili joto kuliko zile kubwa. Nyanya si mmea wa asili ya Afrika, asili yake ni Amerika ya Kusini. Lakini hizi zimejiotea kwetu miaka mingi, na zile zilizoshindwa na joto hazikuacha mbegu.

Basi hizo ndizo mbegu za kutunza. Mama mmoja darasani alituuliza: "Si tuchukue tu nyanya nzuri sokoni, tukamue mbegu?" La, mama. Nyanya ya sokoni hujui imetoka wapi. Huenda imelimwa kwenye baridi. Tena huenda ni chotara, na mbegu ya chotara haizai sawa na mama yake: mche huu hivi, mche ule vile. Ukinunua pakiti dukani, isome. Ukiona herufi F na tarakimu 1, hiyo ni chotara, na kila msimu utarudi dukani. Hatusemi chotara ni mbaya. Nyingine huzaa sana, na mkulima wa biashara ana hesabu zake. Lakini kwa miche kumi nyuma ya nyumba, kununua pakiti kila mwaka ni mzigo. Zipo pia mbegu za kitaalamu zisizo chotara, kama Tanya na Tengeru 97, ambazo mbegu zake unaweza kuzitunza mwenyewe.

Kuchagua kunaanzia bustanini. Joto likiwa kali, zungukeni asubuhi mkatazame mche mmoja mmoja. Upi umeshika matunda wakati jirani yake amedondosha maua? Huo ufungieni kitambaa chekundu, na watoto waambiwe wasiuguse. Msichague tunda kubwa la mche uliozaa matunda mawili tu. Mche wenye mnyauko, au majani yaliyojikunja, uacheni hata kama matunda yake ni matamu.

Matunda ya mche wenye kitambaa yaiveni kabisa mtini. Kamulieni mbegu kwenye kikombe, ongezeni maji kidogo, funikeni kwa kitambaa chepesi. Acheni siku mbili. Patatokea povu na harufu mbaya, msishtuke: ule utelezi unaozunguka mbegu unaoza. Mkikawiza sana, mbegu zitaanza kuota humo humo. Osheni, mwageni zinazoelea, kisha anikeni zilizozama kwenye sahani, kivulini. Msianike juu ya bati, zitaungua. Wala msianike juu ya gazeti hili, zitanata na hamtaweza kusoma tena.

Miche mipya ikihamishwa, wekeni nyasi kavu kuzunguka shina, na mwagilieni asubuhi na mapema. Samadi isizidi, maana mche ulionenepa majani hutoa maua machache. Kivuli cha mpapai saa za alasiri kinafaa sana. Msipande palipokuwa na bilinganya, pilipili au viazi mviringo msimu uliopita, magonjwa yao ni ya ukoo mmoja.

Mbegu zikikauka vizuri, tieni kwenye bahasha, na bahasha kwenye chupa kavu yenye kizibo. Juu ya bahasha andikeni aina ya nyanya, mwezi na mwaka, na sababu ya kuichagua. Kwa mfano: "Nyanya ndogo ya jalalani. Februari. Ilishika matunda kwenye joto." Mbegu hukaa miaka mitatu au minne. Kabla ya kusia, hesabuni mbegu 10, zifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu, ziwekeni ndani kwa siku saba. Zikiota 8, sieni kama kawaida. Zikiota 5, sieni mara mbili. Zikiota 2, mwombeni jirani mwenye kitambaa chekundu.