Bei Imejificha, Mnunuzi Yuko Wazi

Msikilizaji, mwezi wa tatu shangazi yangu wa Korogwe alinipigia simu akaniomba nimtafutie cherehani ya umeme. Anashona sare za shule, na ile ya kukanyaga imeshamchosha magoti. Nikaingia kwenye kurasa za wauzaji wa Dar es Salaam. Picha nzuri, cherehani zinang'aa, maelezo yapo, namba ya simu ipo. Kilichokosekana ni kimoja tu. Chini ya kila picha watu wameuliza, "Bei?" Na chini ya kila swali jibu ni lilelile: "Njoo DM."

Nikaenda DM. Muuzaji akanisalimu vizuri, akaniuliza niko wapi, namnunulia nani, naihitaji lini. Nilipokwisha kujibu yote akataja shilingi 420,000. Mfanyakazi mwenzangu, meza ya pili kutoka kwangu, akaulizia cherehani ileile kwenye ukurasa uleule kwa simu yake. Akaambiwa 365,000. Hiyo tofauti ni nauli ya basi kwenda Korogwe na kurudi, na chenji inabaki.

Na tangu siku hiyo cherehani zikaanza kunifuata. Nikisoma habari za mpira, tangazo la cherehani. Nikitazama video ya mapishi, cherehani. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu. Haja yangu ikajulikana na watu nisiowajua, na bei halisi niliyoitafuta mimi bado sikuwa nimeijua.

Biashara ya mtandaoni haikuanza hivi, msikilizaji, ndiyo maana nimelileta jambo hili hewani.

Oktoba 1994 gazeti la mtandaoni la Marekani, HotWired, liliweka juu ya kurasa zake matangazo ya kwanza ya mabango. Moja lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa kipande chembamba cheusi chenye maandishi ya rangi, likimuuliza msomaji kama amewahi kubofya hapo, na kumhakikishia kwamba atabofya. Inasimuliwa kwamba katika kila watu 100 walioliona, 44 walibofya. Lakini mimi kinachonigusa si hesabu hiyo. Kinachonigusa ni kwamba kila aliyefungua ukurasa ule, awe profesa au mwanafunzi, tajiri au fukara, aliona bango lilelile. Bango halikujua nani analitazama.

Mwaka uliofuata, Julai 1995, Amazon ikaanza kuuza vitabu kutoka Seattle, na bei iliandikwa kando ya jina la kitabu. Septemba mwaka huohuo ukaanza mnada ambao baadaye uliitwa eBay, na hata kwenye mnada kila mpita njia aliona dau limefika wapi. Mnunuzi aliona kila kitu. Yeye mwenyewe alikuwa kivuli tu.

Kilichogeuza mambo ni kitu kidogo sana. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni kile tunachokiita kidakuzi: alama ndogo ambayo tovuti huiacha ndani ya kompyuta yako ili ukirudi ikutambue. Nia ilikuwa njema kabisa. Bila alama hiyo duka la mtandaoni lingesahau ulichoweka kapuni kila unapofungua ukurasa mwingine. Lakini makampuni ya matangazo yaliona mbali. Kama tangazo langu liko kwenye tovuti 1,000, na katika kila moja naweka alama yangu, basi naweza kukufuata kutoka mlango hadi mlango. Hapo tangazo likaota macho. Google ikaanza kuuza matangazo yake mwaka 2000, ikiyalinganisha na neno ulilolitafuta. Facebook ikaja na umri wako, mji wako, marafiki zako na unachokipenda. Leo kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, hupata zaidi ya asilimia 95 ya mapato yake kwenye matangazo.

Na bei je? Septemba 2000 wateja wa Amazon waligundua kwamba filamu ileile ya DVD inauzwa kwa bei tofauti kwa watu tofauti. Kampuni ikaeleza kuwa lilikuwa jaribio la bei za kubahatisha, na kwamba taarifa za mteja hazikutumika. Ikaomba radhi na kuwarudishia fedha watu 6,896. Waligunduaje? Kama tulivyogundua mimi na mwenzangu ofisini: mmoja alisema ameona hivi, mwingine akasema mbona mimi nimeona vile. Ilitosha watu wawili kuzungumza mbele za watu.

Kwetu safari ilikuwa ya njia nyingine. Pesa ya simu ilitutangulia. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ukafika mwaka 2009. Kwa hiyo tulijua kutumiana fedha kwa simu kabla hatujajua kununua shati kwa simu. Yakaja maduka makubwa ya mtandaoni yenye makapu, bei na maghala. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Lililobaki likastawi ni soko la picha: ukurasa wa Instagram, status ya WhatsApp, lipa namba, na yale maneno mawili, "Tunatuma mikoani."

Soko hili nalipenda, na nalisema kwa moyo wote. Binti asiye na fremu wala mtaji anapiga picha za viatu Kariakoo asubuhi, anaziweka kwenye ukurasa wake, anapata mteja wa Songea mchana, jioni mzigo uko kituo cha mabasi Mbezi. Konda anapewa namba ya mpokeaji, risiti inapigwa picha na kutumwa, na kesho yake viatu viko Songea. Mfumo huo haukutoka kampuni yoyote ya ng'ambo. Wameujenga vijana wetu kwa simu, mabasi na uaminifu.

Ndiyo maana lile neno "njoo DM" linaniuma. Nimewauliza wauzaji sababu, nao hawakunificha. Mmoja alisema akiandika bei, mshindani ataweka picha ileile na kupunguza elfu tano. Mwingine anaamini kwamba maoni yakiwa mengi chini ya picha, ukurasa wake unaonyeshwa kwa watu wengi zaidi, basi heri watu waendelee kuuliza. Wa tatu alikiri kwamba bidhaa bado hajainunua, na bei ataijua akishafika Kariakoo. Hizo ni sababu za watu wanaotafuta riziki, siwezi kuzidharau.

Na yupo atakayeniambia: kwani ukienda Mtaa wa Kongo unakuta bei imeandikwa? Si lazima uulize, uombe kupunguziwa, uondoke, uitwe urudi? Kweli kabisa. Lakini pale Mtaa wa Kongo mko wawili mnaotazamana. Yeye anaona viatu vyako vimechakaa, na wewe unaona kwamba jua linazama na hajauza. Jirani yake anasikia anachokutajia. Mama aliyesimama nyuma yako anasikia pia, na akiona unaibiwa atakohoa. Ndani ya DM hakuna wa kukohoa. Muuzaji ana picha yako, jina lako, mahali ulipo na haraka uliyonayo. Wewe una picha ya cherehani.

Sisi wa redio tuna desturi moja ya zamani ambayo sasa naiona thamani yake. Tangazo lililosomwa kabla ya kipindi hiki umelisikia wewe, amelisikia dereva aliye kwenye foleni ya Ubungo, amelisikia na muuza duka huko kijijini. Maneno yaleyale. Likisema uongo, limedanganya mbele ya mashahidi. Tangazo la simu yako linasemwa sikioni mwako peke yako, na asiyelisikia hawezi kulikanusha.

Nchi yetu ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Ninaomba wanaozisimamia washuke hadi huku kwenye kurasa za viatu na vyombo, kwa maana huku ndiko Mtanzania wa kawaida anakonunua. Wasije na faini kwa yule binti wa Kariakoo. Waje wamfundishe kuandika bei chini ya picha, na wamlinde na anayemwibia picha zake. Na makampuni makubwa yanayojua nimetafuta cherehani, hayo wayaulize kwa ukali zaidi.

Kuhusu shangazi: tulipata duka dogo Tanga mjini. Mwenye duka alikuwa ameweka kwenye status yake picha ya cherehani, na mbele yake kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: 370,000. Shangazi alipanda basi asubuhi akaenda mwenyewe, akaijaribu kwa kitambaa alichobeba kutoka nyumbani. Kisha akaomba apunguziwe. Wakavutana kwa muda, bei ikashuka hadi 360,000, na mwenye duka akamwongezea pakiti moja ya sindano na bobini tano.